Farasi Mweusi wa Mama Julieth

Hapa Kigwa farasi ni mmoja tu, na jina lake Kaniki. Mgeni akilisikia jina hilo mara ya kwanza hucheka, kwa kuwa kaniki ni kitambaa cheusi na farasi mwenyewe ni mweupe kama unga wa muhogo. Sisi wenyeji tulikwisha kuacha kucheka. Tulimwona alipoletwa kutoka Tabora mjini, mdogo, miguu mirefu, mweusi tii. Mwaka uliofuata uso ukaanza kupauka kama aliyeinamia jivu. Baadaye kiuno kikajaa mabaka ya mviringo, halafu akawa wa kijivu mwili mzima, na mwisho weupe ukamaliza kazi. Ilikwenda polepole hata hakuna aliyeshangaa, kama mtu asivyoshangaa mvi za mkewe.

Mwenye farasi ni Levina, mjane wa rafiki yangu Raymundi. Tunamwita Mama Julieth. Farasi huyo ndiye shamba lake na ndiye duka lake. Harusi ikiwa mjini, Mama Julieth humwongoza Kaniki safari ya siku nzima, akalala kwa ndugu, na kesho yake bwana harusi akapanda mbele ya matarumbeta. Idi na Krismasi watoto hupigwa picha mgongoni. Kwa kazi hiyo Julieth alisoma mpaka akawa muuguzi, na nyumba ya mama yake ikapata bati.

Mwezi wa Juni mwaka jana, tumbaku ikiwa imekwisha kufungwa marobota, akaja kijana mmoja kutoka Dar es Salaam, jina lake Sadiki. Alikuja kwa bodaboda, shati limepigwa pasi, na bahasha kwapani. Alikuwa na adabu. Alitoa shikamoo kwa kila mzee aliyemkuta njiani, hata kwa wale ambao si wazee sana. Akauliza nyumba ya marehemu Raymundi, akaonyeshwa, akamkuta Mama Julieth anachambua mchicha. Baada ya pole na habari, akasema amekuja kumchukua farasi wa baba yake mkubwa.

Baba mkubwa huyo alikuwa Mzee Nasri, mfanyabiashara wa Tabora mjini, na Raymundi alikuwa mtunza farasi wake kwa miaka mingi. Sadiki akatoa picha kwenye bahasha. Ndani ya picha yuko mtoto wa miaka sita, amekaa juu ya farasi mweupe katika ua wa Mzee Nasri, meno ya mbele hana. Mtoto ni yeye mwenyewe. Farasi, ukimtazama shingo, masikio, na ule weupe wake, utasema ni Kaniki huyuhuyu.

Sadiki alisema kwao wote wanajua kwamba Mzee Nasri, alipohamia Maskati, alimwacha farasi wake mweupe kwa Raymundi amlee. Mzee Nasri sasa ni marehemu, na yeye Sadiki amepata eneo kule Kibaha. Anataka farasi wa utoto wake akazeekee kwao.

Lazima nieleze jambo hili la kulea, maana ndilo lililomtia Mama Julieth baridi. Kwetu mtu mwenye mifugo mingi huigawa kwa jamaa na marafiki wamlelee. Mlezi hunywa maziwa na kutumia samadi, lakini mali hubaki ya mwenyewe, hata ipite miaka thelathini. Mlezi akifa, mjane wake hairithi. Mwenye mali akija, au mtoto wa ndugu yake akija, unafungua zizi. Hakuna mtu wa Uyui wala Nzega atakayebishana na hilo, na Mama Julieth hakubishana nalo. Alichosema ni kwamba farasi walikuwa wawili. Yule mweupe wa kwenye picha ni mama yake Kaniki. Ni kweli aliachwa alelewe, na masika ya pili mbung'o wakamuua, Raymundi akamzika na akatuma habari mjini kwa dereva wa lori. Kaniki ndiye mtoto. Yeye alitolewa zawadi, na karatasi ipo.

"Basi mama, tuione karatasi," Sadiki akasema. "Mimi sikuja kumnyang'anya mtu."

Wakakubaliana wakutane asubuhi ya pili ofisi ya kijiji.

Jioni hiyo Mama Julieth alikuja kwangu. Hakuja na huzuni, alikuja akitembea kama mtu aliyekwisha kushinda. Karatasi ya zawadi niliiandika mimi, Elieza, nikiwa katibu wa kijiji. Nilikuwa mpeperusha bendera wa reli kwa miaka ishirini na mbili. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, baada ya zamu, na tangu hapo sijaandika sentensi ambayo ningeona haya kuisoma mbele ya watu. Ng'ombe akipotea, watu walikuja kwangu niandike tangazo, kwa sababu nilikuwa natazama. Wengine wangeandika "ng'ombe mwekundu". Mimi niliandika mwekundu wa namna gani, baka lilianzia wapi na kuishia wapi, pembe ipi ilikunjika. Ng'ombe watatu walirudi kutoka Tura kwa matangazo yangu.

"Mzee Elieza, kesho uje uisome wewe mwenyewe," alisema. "Wewe ukisoma, mtu anaogopa kukohoa."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nikapiga koti pasi.

Mtendaji wetu wa kijiji anaitwa Sixbert. Ni kijana mwenye akili, mtu wa Lusu kule Nzega, na alikuwa hajamaliza mwaka hapa Kigwa. Alikaa nyuma ya meza, Sadiki kwenye benchi upande mmoja, Mama Julieth upande wa pili, na nje ya dirisha nusu ya kijiji. Kaniki alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya bendera, anapunga mkia. Mama Julieth alitoa karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, nami nikavaa miwani, nikasimama.

Nilisoma tarehe. Nikasoma jina la mtoaji na la mpokeaji, kwa sauti ambayo ilifika mpaka nje. Kisha nikasoma: "Farasi jike, umri miezi kumi. Rangi: mweusi tii, mwili mzima."

Hapo nikainua macho, na dirishani nikamwona Kaniki, mweupe kama shuka la hospitali.

Naapa sikuwa nimeliwaza jambo hilo hata mara moja. Nilikuwa nimeyakumbuka maneno yangu na uzuri wake, nikasahau yanasema nini. Niliendelea kusoma, lakini sauti ilishuka kama taa inayoishiwa mafuta. "Alama: doa jeupe kipajini, umbo la mbegu ya boga, ncha yake chini, limeelekea jicho la kulia. Mguu wa nyuma wa kushoto mweupe kutoka kwatoni mpaka kifundoni. Kwenye mdomo wa juu, doa dogo jeupe, upana wa kidole gumba."

Halafu mtu mmoja dirishani akasema kwamba doa jeupe juu ya farasi mweupe ni sawa na kutafuta maziwa yaliyomwagika kwenye chokaa, na watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Sadiki hakucheka pia. Alisema kwa upole kwamba karatasi hii inamsaidia yeye. Mzee Nasri alitoa zawadi farasi mweusi na akaacha alelewe farasi mweupe. Farasi aliyepo ni mweupe. Kama kuna aliyekufa, basi ni yule mweusi wa zawadi, Mungu amrehemu.

Mama Julieth alisimama, akasema kijiji kizima kilimwona Kaniki akibadilika. Dirishani wakaitikia. Sadiki akajibu kwamba anawaheshimu, ila wote hao ni majirani zake, wanaomba chumvi kwake, na mtu haleti shahidi kutoka jikoni mwake.

Sixbert alikuna kidevu. "Mama yangu, mimi nimezaliwa zizini Lusu," alisema. "Baba alikuwa na ng'ombe wa kila rangi, na kila rangi ina jina lake. Ndama akizaliwa mweusi, tunamla mweusi. Sijaona hata mmoja aliyezeeka mweupe."

"Huyo ni ng'ombe, mtendaji."

"Ana miguu minne na anakula nyasi."

"Na Mzee Elieza je?" Mama Julieth akanielekezea kidole. "Mtazame kwenye kitambulisho chake, nywele nyeusi kama lami. Mtazame leo. Au tuseme kichwa hiki amekiiba?"

Watu waliangua kicheko, na mtendaji naye akaficha mdomo kwa mkono. Nilivumilia, kwa sababu hoja ilikuwa nzuri. Lakini Sixbert akasema mvi za binadamu hazifiki miguuni, na kwamba yeye atamtazama farasi meno, apate umri wake. Kama ni yule wa kwenye picha, sasa atakuwa mzee wa zaidi ya miaka ishirini na tano. Kama ni mtoto, atakuwa na kumi au kumi na moja. Wazo hilo lilitupendeza wote, tukatoka nje.

Alimwendea Kaniki kama mtu anayejua kazi, akamshika taya, akafunua mdomo. Akatazama. Akainama upande wa pili akatazama tena. Kisha akauachia mdomo taratibu.

"Huyu ana meno ya juu," akasema.

Ng'ombe hana meno ya mbele juu, ana ufizi tu, na umri wake unausoma chini. Sixbert alikuwa mbele ya kitabu chenye kurasa mara mbili ya alizofundishwa. Alijifuta mate ya farasi kwenye suruali, akakiri kwamba hajui aanzie wapi.

Nililiona jambo linaelekea wapi. Mama Julieth alikuwa amenyamaza, na yeye hanyamazi. Mkono wake ulikuwa shingoni mwa Kaniki, vidole vimezama ndani ya nywele za shingo, kama mtu anayeshika kamba ya kisima. Basi nikasema lile ambalo nilikuwa nimelificha kwa miaka kumi.

Niliwaambia kwamba siku ile ya kuandika, Mzee Nasri alikuwepo, na alinionya. Alisema mama yake huyu naye alizaliwa mweusi, na kwamba farasi wa ukoo huo huzaliwa na giza na kufa na mwanga. Akanitaka niandike, "mweusi, atakayekuja kuwa mweupe." Mimi nilikataa. Nilimwambia kwa heshima kwamba hati haiandiki mambo yajayo, huandika kilichopo, na kwamba rangi ya mnyama ni rangi ya mnyama. Alikuwa mgeni wetu, hakutaka kubishana. Moyoni nilisema, mtu wa dukani atanifundisha nini kuhusu mifugo? Kwa hiyo kosa si la Mama Julieth wala la farasi, ni langu.

Sijui kama nimewahi kusema maneno magumu kuliko hayo hadharani. Sixbert alinitazama kwa huruma, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Sadiki akasema, "Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini karatasi ikishaongezwa kwa mdomo leo, kesho itaongezwa nini? Mtu mwingine atakuja aseme farasi huyu mmempaka chokaa."

Alisema hivyo kama mfano tu. Mama Julieth hakulichukua kama mfano.

"Chokaa?" akasema. "Mimi nimpake farasi chokaa? Twende bombani."

Sixbert akaliona kuwa ni jambo jema. Alisema ofisi haiwezi kuacha tuhuma ikining'inia, tena maji hayagharimu kitu. Tukaenda wote, farasi mbele, mpaka bomba la kijiji karibu na stesheni. Kina mama waliokuwa kwenye foleni walisogeza ndoo zao bila kuulizwa, kila mmoja akatoa yake. Mama Julieth alianza kichwani. Alimwaga ndoo ya kwanza polepole, mkono mmoja ukifunika sikio la Kaniki, akasugua kipaji kwa kiganja. Akakinyoosha kiganja mbele ya Sadiki. Kilikuwa kisafi.

Chokaa haikuwepo, na hilo hata Sadiki alilijua. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu, na miwani nilikuwa sijaivua.

Manyoya meupe yakilowa hulala, na ngozi ya chini huonekana. Ngozi ya Kaniki ilikuwa nyeusi, kama ya punda, nyeusi kote kichwani, isipokuwa sehemu moja. Kipajini, juu kidogo ya usawa wa macho, palikuwa pekundu kwa upole, kama ufizi wa mtoto mchanga. Wekundu huo ulikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa na umbo.

"Mama Julieth, mwaga tena," nikasema.

Akamwaga tena. Nikamwomba Sixbert asogee. Nikamwonyesha bila kugusa: upana juu, kisha wembamba, kisha ncha, na ncha imeelekea jicho la kulia.

Alitazama kwa muda mrefu. Aliichukua karatasi mkononi mwangu, akaisoma kwa midomo, akatazama tena.

"Mbegu ya boga," akasema.

Kina mama wa foleni walisogea, na kila mmoja akataka kuona, na yule aliyesema habari za maziwa na chokaa akasukumwa nyuma. Nywele nyeupe za doa zilikuwa zimeota juu ya ngozi isiyo na weusi, na hata weupe ulipokuja baadaye juu ya mwili mzima, ngozi haikubadilika. Doa lilikuwa palepale siku zote, limezungukwa tu na wenzake. Nilijiambia kwamba hata darasa la jioni halikunifundisha hilo.

Mama Julieth hakungoja kuambiwa. Alichukua ndoo ya tatu, akazunguka nyuma, akaumwagia mguu wa kushoto. Weusi wa ngozi ulishuka kutoka pajani, ukafika kifundoni, na hapo ukakatika kama soksi iliyovutwa. Chini yake palikuwa pekundu mpaka kwatoni, na kwato lenyewe lilikuwa jeupe. Akamwagia na mguu wa kulia, tulinganishe. Mweusi mpaka chini.

"Limebaki la mdomo," Sixbert akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayefurahia kazi.

La mdomo halikuhitaji maji. Kwenye mdomo manyoya ni mafupi, na doa lilikuwa wazi, upana wa kidole gumba, kila mtu alikuwa ameliona mara mia na hakuna aliyelitazama. Aliyeliendea ni Sadiki mwenyewe. Alisimama mbele ya Kaniki, akaitoa picha kwenye bahasha, akaisogeza karibu na pua ya farasi. Farasi akainusa. Sadiki akaitazama picha, akautazama mdomo, mara tatu au nne.

"Huyu wa picha mdomo wake mweusi wote," akasema. Hakuna aliyemuuliza. Angeweza kuirudisha picha kwenye bahasha na sisi tusingejua. "Kumbe si yeye."

Sixbert alisema kwamba doa moja lingeweza kuwa bahati, mawili mtu angebishana, lakini matatu yaliyoandikwa miaka kumi nyuma, kila moja mahali pake, ni farasi. Aliyetolewa zawadi ni huyu, na mwenye huyu ni Mama Julieth. Kina mama wakapiga vigelegele, na Mama Julieth akaegemeza paji lake kwenye shingo iliyolowa, gauni lote likaloa, wala hakujali. Alipogeuka alikuwa ameshapata ulimi wake.

"Mwanangu Sadiki," akasema, "umeniogeshea farasi siku ya kazi. Jumamosi nina harusi Cheyo. Ungesema mapema unataka kuosha, ningekupa na sabuni."

Sadiki alicheka, kisha akaacha, akauliza yule mwingine amezikwa wapi. Mama Julieth alimwambia ni nyuma ya shamba lake la karanga, kwamba Raymundi alichimba siku mbili akikataa kusaidiwa, na kwamba wakitoka hapo atampeleka, halafu atakula ugali na mlenda, hataki kusikia habari za basi. Kijana aliitikia kwa kichwa. Aliendelea kuishika ile picha kwa ncha za vidole isilowe.

Sixbert alinigeukia. Mbele ya watu wote alisema karatasi yangu ndiyo nzuri kupita zote alizozikuta katika lile kabati la ofisi. Nilimjibu kwamba ina kosa moja. Akasema kosa moja ndilo tutakalolirekebisha sasa hivi, mashahidi wakiwepo, pasije mtu mwingine na picha nyingine. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka karatasi mpya juu ya goti, akaandika jina la kijiji, tarehe, jina la mwenye mali. Sadiki akakubali kutia sahihi upande wa familia ya Mzee Nasri.

Mama Julieth alikuwa amemfungua Kaniki kamba akauke juani. Farasi alijitikisa, akatunyeshea sote, akatembea hatua chache mpaka pale ambapo barabara ya stesheni ina vumbi jekundu la kina cha kiganja. Akalinusa. Akakunja magoti ya mbele, akajilaza, akageuka chali na miguu yote minne hewani, akajigaragaza huku na huku akiguna kwa raha, mpaka mtu hangeweza kujua mwisho wa farasi na mwanzo wa barabara. Kisha akainuka, mwekundu kama tofali, kuanzia masikio mpaka mkia.

Kalamu ya Sixbert ilikuwa imefika kwenye neno "Rangi". Alimtazama farasi. Akanitazama mimi. Akainuka juu ya ndoo, akaninyooshea karatasi na kalamu.

"Mzee Elieza," akasema, "hapa kaa wewe."